Maisha ya GutsMuths, Mwalimu wa Michezo ya Watoto

Katika gazeti letu la muhula huu napenda kuwaeleza wasomaji habari za mwalimu mmoja ambaye jina lake linajulikana sana kwa wote waliosoma historia ya mazoezi ya viungo. Wanafunzi wetu wengi hawajapata kulisikia jina hilo, ijapokuwa kila juma hukimbia na kuruka kwa kufuata njia alizozieneza yeye. Mtu huyo ni Johann Christoph Friedrich GutsMuths wa Ujerumani, aliyekufa mwaka wa 1839.

Nimemchagua kwa sababu mimi ni mwalimu wa michezo, na kila mwanzo wa mwaka hupokea wazazi wanaoniuliza swali lile lile: mtoto amekuja kusoma, mbona anatolewa darasani akakimbie? Swali hilo si la upuzi, wala si geni. GutsMuths alikutana nalo zaidi ya miaka mia mbili iliyopita, akatumia karibu umri wake wote kulijibu kwa vitendo.

Alizaliwa tarehe 9 Agosti, mwaka wa 1759, katika mji mdogo wa Quedlinburg, karibu na milima ya Harz. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja yenye serikali moja, bali ilikuwa imegawanyika katika tawala nyingi, kubwa na ndogo. Baba yake alikuwa fundi wa kutengeneza ngozi, mtu wa hali ya kawaida tu, naye alifariki mwanawe akiwa bado mdogo. Basi kijana hakuwa na budi kujitafutia riziki huku akisoma. Alipata kazi ya kuwafundisha watoto nyumbani kwa daktari mmoja wa mji ule aliyeitwa Ritter. Katika mwaka wa 1779 alikwenda Chuo Kikuu cha Halle kusoma elimu ya dini, na alipomaliza masomo yake alirudi kwa yule daktari kuendelea na kazi yake ya zamani.

Mwaka wa 1784 Daktari Ritter alikufa, akamwacha mkewe na watoto wadogo bila ya mali ya kuwatosha. Ungedhani kwamba hapo ndipo kazi ya mwalimu wetu ilipokoma, lakini sivyo. Mwaka huo huo mchungaji mmoja, jina lake Christian Gotthilf Salzmann, alikuwa amefungua shule ya bweni mahali paitwapo Schnepfenthal, katika utawala wa Gotha. Salzmann alikubali kumpokea mtoto mmoja wa marehemu, Carl Ritter, bila ya ada. Mwaka wa 1785 GutsMuths alikwenda pamoja na mtoto huyo, ambaye alikuwa hajatimiza hata miaka sita, akapewa kazi ya ualimu katika shule ile. Alidumu hapo kwa muda wa miaka hamsini hivi.

Ili tuelewe ugeni wa kazi aliyoifanya, yafaa tukumbuke jinsi shule nyingi za Ulaya zilivyokuwa siku zile. Watoto walikalishwa kwenye viti saa nyingi, wakikariri Kilatini, na aliyesahau alichapwa. Watoto wa matajiri walivikwa kama watu wazima wadogo, kwa makoti ya kubana na nywele zilizopakwa poda. Mtoto aliyevaa hivyo hawezi kupanda mti wala kuruka mtaro, na akithubutu, mama yake atamgombeza kwa kuharibu nguo. Kucheza kulihesabiwa kuwa ni upotevu wa wakati, au ni tabia ya watoto wasio na malezi.

Walikuwako watu waliokwisha kuanza kupinga mambo hayo. Mwandishi Jean-Jacques Rousseau alitoa kitabu chake juu ya malezi mwaka wa 1762, akasisitiza kwamba mwili wa mtoto ufanyiwe kazi kabla ya kumjaza maneno kichwani. Mwaka wa 1774 mwalimu Johann Bernhard Basedow alifungua shule huko Dessau ambayo ndani yake watoto walifundishwa kukimbia, kuruka na kushika mizani ya mwili. Salzmann mwenyewe alikuwa amefundisha Dessau kabla ya kufungua shule yake. Kwa hiyo GutsMuths hakuwa mtu wa kwanza kuwatoa watoto nje. Sifa yake ni kwamba alilichukua jambo lililokuwa likijaribiwa huku na huku, akalifanya somo lenye utaratibu, lenye hatua na vipimo, hata mwalimu mwingine wa mbali aliweza kulifundisha.

Baada ya muda mfupi hapo shuleni, Salzmann alimkabidhi kazi ya mazoezi ya viungo. Kiwanja chake hakikuwa na fahari yo yote: kilikuwa mahali pa wazi penye miti, karibu na shule. Hapo palisimamishwa milingoti ya kupanda, kamba, ngazi, na gogo la kutembea juu yake bila ya kuanguka. Watoto walikimbia, waliruka juu na mbali, waliruka kwa upondo, walitupa, walishindana mieleka, walinyanyua na kubeba vitu vizito, na walitembea safari ndefu mashambani na milimani. Pamoja na hayo walifanya kazi za mikono, kama vile useremala na kulima bustani, kwa maana GutsMuths aliamini kwamba kazi ya mikono ni ndugu wa mazoezi.

Mambo mawili katika mafundisho yake yanastahili kuangaliwa kwa makini. La kwanza ni kwamba alianza na lililo jepesi, akapanda polepole hadi lililo gumu. Mtoto hakuambiwa apande mlingoti mrefu siku ya kwanza. Kwa kuruka juu palikuwa na nguzo mbili, na ufito mwembamba uliwekwa juu ya vijiti baina yake. Mtoto akiugusa ulianguka chini, wala haukumwumiza. Vijiti vilihamishwa juu kidogo kidogo kadiri nguvu zake zilivyozidi. Katika viwanja vya mazoezi vya zama zile ulichimbwa pia mtaro uliokuwa mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili. Mtoto mdogo aliruka penye wembamba, mkubwa akaruka penye upana, na wote wawili walikuwa kazini kwa wakati mmoja, wala hapakuwa na aliyekaa kando akitazama.

La pili ni kwamba alipima na kuandika. Kila mwanafunzi alipimwa alivyoruka, alivyokimbia na alivyotupa, na hesabu hiyo ikahifadhiwa, halafu alipimwa tena baadaye. Hivyo mwalimu aliweza kuona jinsi kila mmoja alivyoendelea. Mtoto dhaifu aliyeongeza inchi mbili katika kuruka kwake alikuwa na jambo la kujivunia, hata kama rafiki yake mwenye miguu mirefu alimpita kwa futi nzima. Sisi tunaofundisha leo tuna saa za kuhesabu na tepu za kupimia, lakini ni wangapi kati yetu wanaoandika maendeleo ya mtoto wa mwisho kama wanavyoandika ya mtoto wa kwanza?

Katika mwaka wa 1793 GutsMuths alitoa kitabu kilichomletea jina, juu ya mazoezi ya viungo kwa vijana. Humo alikusanya aliyoyasoma katika habari za Wayunani wa kale, aliyoyajua juu ya mwili wa binadamu, na zaidi ya yote aliyoyaona mwenyewe kiwanjani. Alijibu pia hofu za wazazi. Kwa wale walioogopa mtoto kuvunjika mguu, alionyesha kwamba hatari huletwa na kutojua: mtoto aliyezoezwa kupanda, kuruka na kutua vizuri anajua kujiokoa, bali yule aliyefungiwa nyumbani huumia siku ya kwanza anapotoka. Kwa wale waliosema kwamba mazoezi huiba wakati wa masomo, alieleza kwamba akili hukaa ndani ya mwili, na mwili ukilegea akili nayo huchoka upesi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1796, alitoa kitabu cha michezo. Kitabu hicho nakipenda kuliko vyote, kwa sababu humo mwanachuoni huyu aliyesoma chuo kikuu aliinama akatazama michezo ya watoto kwa heshima. Alikusanya michezo mingi, akaeleza namna ya kuichezea, na akaipanga kwa kufuata faida yake: ipo inayonoa macho na usikivu, ipo inayotia nguvu kumbukumbu, na ipo inayomfundisha mtoto kufikiri na kuamua. Mlikuwamo michezo ya mpira ya namna nyingi. Wataalamu wa michezo ya Marekani hukitaja kitabu hiki hata leo, kwa kuwa ndani yake mmeandikwa kanuni za mchezo wa Kiingereza ulioitwa besiboli, miaka mingi kabla ya mchezo huo kuenea Marekani kwa namna unavyojulikana sasa.

Mwaka wa 1798 akaongeza kitabu kidogo cha kuogelea. Siku zile watu wengi walikufa maji katika mito ya Ulaya, na dawa iliyotumiwa na wakubwa ilikuwa ni kuwakataza watoto wasiende mtoni. GutsMuths aliona kwamba katazo peke yake halimwokoi mtoto aliyeteleza. Akapanga mafundisho yake kwa hatua tatu: kwanza mtoto ayazoee maji, pili ajifunze mwendo wa mikono na miguu akiwa nchi kavu, na tatu aufanye mwendo huo majini. Ndugu zangu wa pwani na wa kando ya maziwa yetu makubwa wanajua kwamba neno hili halijazeeka. Wapo watoto wengi waliozaliwa mita mia tu kutoka ufukweni ambao hawajafundishwa kuogelea na mtu ye yote.

Mwaka wa 1797 mwalimu huyu alioa, akafanya makazi yake katika kijiji cha Ibenhain, karibu na shule. Hakuhamia mji mkubwa, wala hakutafuta cheo cha juu. Aliendelea kuwafundisha watoto mazoezi na jiografia, akaandika, na akalea familia kubwa.

Lakini vitabu vyake vilisafiri. Kile cha kwanza kilifasiriwa kwa Kidenmark mwaka wa 1799, na kwa Kiingereza mwaka wa 1800. Ajabu ni kwamba tafsiri ya Kiingereza ilichapishwa London kwa jina la Salzmann, na Waingereza wengi walimsifu mtu asiyekuwa mwandishi! Huko Copenhagen, Franz Nachtegall alivutwa na mafundisho yake, akafungua nyumba ya mazoezi mwaka ule ule wa 1799. Mwaka wa 1814 sheria ya shule ya Denmark iliyaingiza mazoezi ya viungo katika shule za watoto wa kiume. Msweden Pehr Henrik Ling alijifunza Copenhagen, akarudi kwao na kuanzisha chuo cha mazoezi mjini Stockholm mwaka wa 1813. Kutoka Sweden njia hiyo ilifika Uingereza. Tangu mwaka wa 1881 Bibi Martina Bergman-Österberg aliisimamia katika shule za wasichana na za watoto wadogo za mji wa London, na baadaye akafungua chuo cha walimu wa kike.

Waingereza walipofungua shule katika Afrika ya Mashariki, walileta mazoezi hayo pamoja na kalamu na daftari. Ndiyo yale ambayo babu zetu waliyaita drili: kusimama kwa mistari, kunyosha mikono, kuinama na kuruka kwa hesabu. Basi msomaji akiwa na babu aliyesoma zamani, na amwulize habari za drili. Atakuwa anasikia mwangwi wa mbali wa kiwanja cha Schnepfenthal, ingawa njiani mambo mengi yalibadilika, na mara nyingi furaha iliyokuwamo ilipungua ikabaki amri tupu.

Kupungua huko kulianza mapema. Mwaka wa 1807 alikuja Schnepfenthal mtu mmoja aitwaye Friedrich Ludwig Jahn, akayatazama mazoezi. Mwaka mmoja kabla ya hapo majeshi ya Napoleon yalikuwa yameishinda Prussia vitani huko Jena. Jahn aliondoka na wazo la kuwatia vijana nguvu ili waikomboe nchi yao, na mwaka wa 1811 alifungua kiwanja mashuhuri mjini Berlin. Mazoezi yakachanganyika na siasa na vita, hata serikali ya Prussia ikayapiga marufuku kwa miaka mingi kuanzia mwaka wa 1820. GutsMuths mwenyewe hakuepuka upepo huo kabisa. Kitabu chake cha mwaka wa 1817 kina harufu ya jeshi kuliko vile vya kwanza. Upungufu wake mwingine, ambao ulikuwa wa watu wengi wa zama zake, ni kwamba aliandika hasa kwa ajili ya wavulana, na wasichana wakasahauliwa. Ilibidi wengine kama yule Bibi Bergman-Österberg waje kulitengeneza jambo hilo.

Huenda msomaji angependa kujua yule mtoto Carl Ritter aliishia wapi. Alikua katika shule ile ile, akikimbia kiwanjani na kutembea milimani, na mwalimu wake wa jiografia alikuwa huyo huyo GutsMuths. Mwaka wa 1820 Carl Ritter aliitwa kufundisha jiografia katika Chuo Kikuu cha Berlin, na leo huhesabiwa kuwa mmoja wa waasisi wa jiografia ya kisasa. Fungu la kwanza la kitabu chake kikubwa, lililotoka mwaka wa 1817, lilihusu bara letu la Afrika, ijapokuwa hakupata kulitembelea. Sisemi kwamba kila mtoto arukaye mtaro atakuwa profesa. Nasema tu kwamba yatima huyu wa miaka mitano alipewa kitabu na kiwanja na mwalimu mmoja, na hakuna kimoja kilichomzuia kingine.

GutsMuths aliacha kazi akiwa mzee, akafariki Ibenhain tarehe 21 Mei, mwaka wa 1839, umri wake ukikaribia miaka themanini. Shule ya Schnepfenthal ingaliko, na siku hizi inasifika kwa kufundisha lugha. Tangu mwaka wa 1973 hufanywa mbio ndefu katika milima ya Thuringia zinazoitwa kwa jina lake, na maelfu ya watu hushiriki.

Je, sisi tupate nini katika habari hizi? Mimi naona jambo moja kubwa. Katika mashindano ya watoto wadogo nimeona mara nyingi kwamba wachezaji ni wale wale kumi na mmoja wenye nguvu, na wenzao mia moja hupewa kazi ya kupiga makofi. Mtoto wa miaka saba akiambiwa kwamba hawezi, husadiki, na huenda akasadiki hata uzeeni. Timu hupata kikombe, lakini wale mia hawakufundishwa kitu. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kuutumikisha mwili kila siku. Halikusema hodari peke yao. Lilisema watoto, na hata wenye ulemavu waliwekewa shauri lao.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa shule za msingi wapime kila mtoto na kuandika, hata kama ni kwa kamba yenye mafundo na daftari la kurasa arobaini. Nawaomba wazazi, mtoto akirudi nyumbani na vumbi miguuni, wamwulize leo ameruka wapi kuliko jana, kama wanavyomwuliza habari za hesabu. Tena wasimbakize binti jikoni wakati kaka yake yuko uwanjani, maana mwili wa binti nao unahitaji hewa na mbio.

Nanyi wanafunzi, nawapa kazi ya likizo. GutsMuths alikusanya michezo ya watoto wa nchi yake akaiandika kitabuni. Sisi tunayo rede, mdako, kombolela, ukuti, kuvuta kamba, na mingine mingi inayojulikana kijiji kimoja tu na haijaandikwa po pote. Kila mmoja akienda kwao na awaulize bibi na babu mchezo mmoja waliocheza utotoni: wachezaji wangapi, kiwanja kikubwa kiasi gani, kanuni zake ni zipi, na nani hushinda. Auandike vizuri kwa karatasi moja aniletee siku ya kufungua shule. Mchezo utakaoeleweka vizuri tutaujaribu pamoja na watoto wa darasa la kwanza wa shule ya jirani, na maelezo yake yatatolewa katika gazeti la muhula ujao.